Upana wa Tairi Hauleti Mshiko

Ukitafuta matairi ya gari la spoti la zamani, iwe Mazda MX-5, Toyota Altezza au Subaru Impreza ya miaka ya tisini, ushauri wa kwanza utakaopewa, kwa fundi na kwa jirani, ni mmoja: panua. Toa 185, weka 215 au hata 225, panda rimu za inchi 17, gari litashika barabara. Imani hii imekolea kiasi kwamba mtu akirudisha saizi ya kiwandani huonekana ama bahili ama hajui magari. Ni imani potofu. Inaharibu magari yaliyotengenezwa kwa akili nyingi, na mvua ikinyesha inahatarisha maisha ya waliomo ndani.

Tuanze na kile kinachogusa lami. Mazda ilipoitoa MX-5 mwaka 1989 iliivalisha matairi ya 185/60R14. Gari na dereva wake ni kama kilo 1,000, kwa hiyo kila tairi linabeba takriban kilo 250. Upepo wa kiwandani ni PSI 26, yaani karibu kilo 1.8 kwa kila sentimita mraba. Ukigawa unapata kama sentimita mraba 140, eneo lisilozidi sana kiganja cha mtu mzima. Kuta za tairi nazo hubeba sehemu ya uzito, hivyo hesabu haiwi kamili, lakini haiendi mbali na ukweli. Sasa funga tairi la 225 na ujaze upepo uleule. Uzito wa gari ni uleule, kwa hiyo eneo linalogusa lami haliongezeki kwa kiasi cha maana. Linalobadilika ni umbo: palipokuwa na upana wa sentimita 14 na urefu wa 10, sasa pana upana wa 17 na urefu wa 8 na kidogo. Aliyedhani ameongeza mpira barabarani ameulaza tu mpira uleule upande mwingine. Umbo hilo fupi na pana lina faida zake kwenye kona kavu, maana usukani hujibu haraka na joto husambaa vizuri zaidi, hilo silikatai. Kwenye maji ndipo linapomgeuka dereva. Tairi pana lina maji mengi zaidi ya kusukuma pembeni, na muda mfupi zaidi wa kuyasukuma kabla halijaanza kuelea juu yake. Gari zito huweza kulikandamiza tairi la namna hiyo hadi likaifikia lami. Gari la tani moja halina uzito huo, na wakati wa masika, mitaro ikiwa imeziba na maji yametanda barabarani, dereva hugundua hivyo akiwa tayari ameshakanyaga breki.

Hapo utajibiwa: mbona magari ya mashindano yanavaa matairi mapana? Jibu zuri liko Naivasha. Toyota GR Yaris zilizokimbia Safari Rally kati ya 2022 na 2024, zenye zaidi ya nguvu za farasi 500, zilivaa matairi ya 205/65 ya inchi 15. Magari hayohayo yalipoenda kwenye mashindano ya lami yalivaa 235/40 ya inchi 18. Wahandisi wale huchagua tairi kwa kuangalia ardhi, uzito na nguvu ya injini, hawachagui kwa kuangalia picha. Na zingatia kipimo chenyewe: kwenye lami, gari la farasi zaidi ya 500 lilitosheka na 235, halafu sisi tunaambiwa gari la farasi 120 haliwezi kukata kona bila 225! Tena tairi la mashindano hushika kwa sababu mpira wake ni laini, na hupashwa joto kwa mwendo ambao barabara ya mjini haiwezi kuutoa. Ukinunua upana wake bila ulaini wake, umenunua sura.

Wengine husema kiwanda kiliweka matairi membamba ili kubana gharama. Wakumbuke Toyota 86 ya mwaka 2012. Timu ya mhandisi mkuu Tetsuya Tada iliifunga kwa makusudi Michelin Primacy HP ya 215/45R17, tairi lililotumika pia kwenye baadhi ya Prius, ili gari lianze kuteleza taratibu, kwa mwendo ambao dereva wa kawaida bado anaweza kulirudisha njiani. Tairi linaloshika sana halafu likaachia ghafla ni hatari kuliko tairi linaloachia mapema likikupa ishara. Magari ya spoti ya zamani, ambayo mengi hayana mfumo wowote wa kielektroniki wa kuzuia kuteleza, yalisukwa pamoja na matairi yake: springi, shokapu, pembe za magurudumu, uzito wa usukani. Ukibadilisha kimoja umevigusa vyote. Rimu pana zinazochomoza nje huongeza mzigo kwa beringi na kuufanya usukani uvutwe na kila bonde la barabara. Tairi husugua madigadi. Ukuta mfupi wa tairi hauna nafasi ya kubonyea, kwa hiyo shimo moja linapinda rimu au kutoa uvimbe ubavuni.

Hoja moja nakubali ina uzito: saizi za zamani, hasa za inchi 14, zinazidi kuadimika, na zilizopo dukani huenda zimekaa sana. Lakini kuadimika kwa saizi hakuhalalishi kuruka hadi 225. Tairi la 185/60R14 lina kipenyo cha milimita 578 hivi. La 195/50R15 lina 576. Ni inchi moja tu ya rimu na milimita kumi za upana, spidomita haidanganyi, na chaguo la mpira mzuri linakuwa kubwa zaidi. Kabla ya kulipa, inama usome ubavuni. Namba 82H maana yake tairi linabeba kilo 475 na linahimili kilomita 210 kwa saa, kwa hiyo usikubali chini ya kile kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kisha tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye msururu unaoanza na herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira hukauka hata usipotembea, na gari linalotoka Jumapili kwa Jumapili huzeesha matairi yakiwa bado na kashata nene. Michelin wenyewe wanashauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano na liondolewe likifika kumi. Tairi la 195 la mwaka huu na tairi la 225 la mtumba la miaka tisa huweza kupangwa rafu moja kwa bei zinazokaribiana, na muuzaji atakusukumia lile pana.