Lanet Si Eldoret: Uvumi Unaotufungia Mlango Kabla Hatujabisha

Kila msimu KDF ikitangaza nafasi, maskani zetu zinajaa wataalamu. Huyu anasema bila laki tatu usijisumbue. Yule anasema Muislamu hachukuliwi, labda uwe na mtu wako mkubwa Nairobi. Mwingine anasema jeshi ni mbio tu, ukifika wa kwanza uwanjani umeingia. Kisha mzee mmoja pembeni anafunga mjadala: "Hiyo si yetu sisi." Kila mtu anarudi kwa kikombe chake cha kahawa, na tarehe ya mwisho inapita.

Vijana wetu, leo tuzungumze kuhusu Chuo cha Kijeshi cha Kenya, kule Lanet, Nakuru. Hapo ndipo wanapofunzwa maafisa wa jeshi letu, wale ambao baadaye wanatoa amri. Hatukwambii ujiunge, na hatukwambii usijiunge. Hilo ni lako na wazazi wako. Tunachosema ni kwamba usiamue kwa uvumi. Mtu akitubagua tunaweza kumshtaki. Lakini tukijitoa wenyewe kwenye orodha kabla jina halijaandikwa, tutamshtaki nani?

Tuchukue uvumi huu mmoja mmoja.

"JESHI NI MBIO, UKIKIMBIA UMEINGIA"

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Jeshi lina milango zaidi ya mmoja, na foleni ya kila mlango ni yake.

Mlango wa kwanza ni wa makurutu. Hawa ndio mnaowaona uwanjani kwenye kaunti ndogo, wamepanga mstari tangu alfajiri, wanapimwa urefu, uzito, meno na mbio. Wakipita wanaenda kufunzwa Eldoret na wanatoka askari wa kawaida. Ni kazi ya heshima, hatuidharau hata kidogo.

Mlango wa pili ni wa makadeti, na huo ndio wa Lanet. Kadeti haanzi kwa kukimbia uwanjani. Anaanza kwa kutuma maombi kwa Wizara ya Ulinzi kabla ya tarehe ya mwisho, na siku hizi ni kupitia tovuti yao. Wanaochujwa na kupita ndio wanaoitwa kwa usaili na vipimo. Akimaliza mafunzo anapewa kamisheni na Rais, anatoka luteni wa pili. Awe anataka kuwa afisa wa nchi kavu, rubani wa Jeshi la Anga au afisa wa Jeshi la Wanamaji pale Mtongwe, wote wanaanzia Lanet.

Mlango wa tatu ni wa maafisa wataalamu: madaktari, wahandisi, wanasheria na wengine wenye shahada. Na ndio, jeshi hutafuta hata maimamu kupitia mlango huu. Wewe uliyesoma hadi chuo kikuu ukidhani umri wa kadeti umekupita, soma tangazo tena, huenda mlango huu ni wako.

Sasa angalia kinachotokea. Kijana ana B yake ya KCSE, anapanga foleni ya makurutu kwa sababu hakuna aliyemwambia kuna foleni nyingine. Akikosa, anarudi nyumbani anasema jeshi halitaki watu wetu. Kumbe hata hakubisha mlango uliomfaa.

"WANATAKA MTU WA A"

Si kweli. Katika matangazo ya miaka ya karibuni, kadeti ametakiwa awe na umri wa miaka 18 hadi 26, alama ya wastani ya B katika KCSE, na angalau C+ katika Kiingereza, Hisabati na somo moja la sayansi. Masharti yanaweza kubadilika, kwa hivyo tangazo la mwaka huo ndilo la kusoma. Si jambo dogo, lakini pia si mbinguni. Wapo vijana wenye alama hizi Kisauni, Garissa, Kibra na Lamu.

Somo hapa ni kwa wadogo zetu walio kidato cha pili na cha tatu. Anayeacha Hisabati leo akisema "mimi si mtu wa hesabu" anajifungia Lanet bila kujua. Ukiwa na mdogo wako nyumbani, mwambie mapema. Kuambiwa baada ya matokeo kutoka hakumsaidii.

"MKONO MTUPU HAULAMBWI"

Methali hii imeuza ng'ombe, mashamba na bangili za dhahabu za mama zetu. Kisa ni kile kile kila mwaka. Anatokea jamaa mwenye suti na simu mbili, anasema ana mjomba makao makuu. Anataka nusu ya pesa sasa, nusu baadaye. Baada ya wiki analeta barua yenye nembo na muhuri. Kijana anaagwa kwa dua na pilau, anapanda basi usiku. Akifika getini na ile barua, inakuwa ni barua feki, na anayekamatwa ni yeye, si yule mwenye suti. Si mara moja wala mbili vijana wamekamatwa Eldoret kwa njia hii.

Hatusemi hongo haijawahi kupita mahali popote. Tungesema hivyo mngetucheka, na mngekuwa na haki. Wananchi wamelalamika kuhusu usaili kwa miaka mingi na malalamiko mengine yamefika kortini. Lakini kuna mambo mawili ya kushika.

Kwanza, nafasi haiuzwi kihalali popote. Tangazo lenyewe husema kusajiliwa ni bure. Anayekuuzia ama ni mwizi wa pesa zako, ama ni mwizi wa nafasi ya mwenzako aliyestahili.

Pili, sheria haimhurumii mtoaji. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamtia hatiani anayetoa na anayepokea, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 10. Sasa fikiria: unataka kazi inayokataa mtu mwenye rekodi ya uhalifu, na unaianza kwa kutenda uhalifu.

"WAISLAMU HAWACHUKULIWI"

Jenerali Mahamoud Mohamed alikuwa Mkuu wa Majeshi ya Kenya kuanzia 1986 hadi 1996. Miaka kumi, mtoto wa Kaskazini Mashariki, juu kabisa. Mohamed Badi, rubani wa Jeshi la Anga, alifika cheo cha meja jenerali, na mwaka 2020 akapewa kusimamia huduma za jiji la Nairobi. Kwa hivyo anayesema mlango umefungwa kabisa hasemi ukweli.

Lakini pia tusidanganyane upande wa pili. Jenerali mmoja au wawili si ushahidi kwamba kila kijana anatendewa sawa. Kipimo chetu si majina makubwa, ni Katiba. Kifungu cha 238 kinasema usajili katika vyombo vya usalama uakisi sura ya Wakenya wote kwa uwiano wa haki. Kifungu cha 241 kinasema uongozi wa jeshi uakisi maeneo na makabila ya nchi hii. Hiyo ni haki iliyoandikwa, si hisani ya mtu.

Na haki hiyo inahitaji ushahidi. Siku tutakapouliza kwa nini kaunti fulani haina makadeti, swali la kwanza tutakaloulizwa ni hili: waliotuma maombi walikuwa wangapi? Kama wenye sifa walikuwa mia na hakuna aliyechukuliwa, tuna kesi. Kama walioomba ni watatu, tuna malalamiko ya maskani tu.

"MSICHANA ATAFUTE NINI HUKO?"

Muulizeni Fatuma Ahmed. Alijiunga mwaka 1983, wakati wanawake walikuwa na kikosi chao cha kando. Mwaka 2015 akawa mwanamke wa kwanza Kenya kupanda cheo cha brigedia, mwaka 2018 wa kwanza kuwa meja jenerali, na mwaka 2024 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza Jeshi la Anga.

Dada zetu, masharti ya kielimu ni yale yale. Uzito ndio una viwango tofauti. Kama una swali kuhusu mavazi, ibada au chakula, hilo ni swali halali kabisa, na kifungu cha 32 cha Katiba kinalinda uhuru wako wa dini. Liulize kwa maandishi kabla ya kuingia, na utunze jibu. Usikubali kujibiwa na mtu wa kahawa.

"WANATUMIA AFYA KUTUTOA"

Wengi wanatolewa kwenye vipimo vya afya na wanarudi wakiamini wameonewa. Wengine huenda wameonewa kweli. Lakini wengi wangejua mapema. Macho, meno, masikio, nyayo, shinikizo la damu: nenda kituo cha afya kilicho karibu miezi kadhaa kabla, upimwe. Kinachotibika kitibiwe. Kisichotibika, bora ukijue leo kuliko baada ya kukopa nauli.

"KUNA AJENTI WA WEST POINT"

Hili ni jipya na limeingia kwa kasi. Mtu anaona video ya Mkenya akihitimu chuo cha kijeshi cha Marekani, na kesho yake ajenti yuko mtandaoni anauza fomu. Ni kweli West Point inachukua wageni, lakini sheria ya Marekani inaruhusu wageni 60 tu kwa jumla, kutoka nchi zote wanazozialika, na lazima uwe umependekezwa na serikali yako. Sandhurst ya Uingereza nayo huwapokea wageni wanaotumwa na nchi zao. Hakuna ajenti katikati. Anayekuomba ada ya kukuombea nafasi anakula pesa yako mchana kweupe.

KUHUSU DONDA LENYEWE

Tunajua kuna kijana anayesoma haya akiwa amekunja uso. Anasema: hawa ndio wale wa Wagalla, Februari 1984. Hawa ndio wanaohusishwa na ndugu zetu waliochukuliwa usiku na hawajarudi. Nijiunge nao?

Swali hilo ni zito na hatutalifunika kwa maneno matamu. Kumbukumbu ya Wagalla si uvumi; Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliiandika katika ripoti yake ya 2013. Harakati yetu haitaacha kudai haki ya waliouawa na waliopotea, na hilo halitegemei kama wewe utavaa sare au la. Ukiamua jeshi si njia yako kwa sababu ya dhamiri yako, tunakuheshimu. Ila iwe ni dhamiri. Isiwe ni kwa sababu jamaa wa maskani alikwambia huna nafasi.

Kuna mlango mwingine ambao serikali yenyewe iliufunga miaka mingi: kitambulisho. Bila kitambulisho hakuna maombi, na umri hausubiri. Kijana wa Mandera au Mnubi wa Kibra aliyezungushwa miaka minne akipigwa msasa, akauliziwa hati za babu yake, anapata kadi akiwa na miaka 23 au 24. Mwenzake wa kaunti nyingine alikuwa nayo akiwa na 18. Wote wawili wanaambiwa mwisho ni 26. Hapo hakuna aliyeandika "Waislamu wasichukuliwe", lakini matokeo ni yale yale. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitangaza mwisho wa msasa huo kwa watu wa kaunti za mpakani. Tangazo ni jambo moja, utekelezaji kwenye dirisha la ofisi ni jambo lingine. Ukizungushwa bado, tuambie.

BASI TUFANYE NINI?

Ukifika miaka 18, kitambulisho kwanza. Usingoje kazi itangazwe.

Soma tangazo lenyewe, kwa gazeti au tovuti ya Wizara ya Ulinzi. Picha iliyotumwa kwenye WhatsApp si tangazo.

Jua mlango wako ni upi: kurutu, kadeti au afisa mtaalamu.

Weka nakala ya kila kitu: fomu, tarehe uliyotuma, ujumbe wowote uliopokea. Ukikataliwa bila sababu, kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kuomba habari kutoka kwa serikali. Nakala zako ndizo silaha yetu.

Akija mtu na bei, usibishane naye. Andika jina na namba yake, uripoti.

Na wazee wetu wa msikitini na barazani, tunawaomba jambo moja tu. Kijana akija kuuliza, msimjibu "hiyo si yetu." Mwambieni alete tangazo, mlisome pamoja naye hadi mwisho. Kama hana sifa, atajua kwa nini. Kama anazo, mpeni dua na nauli, abishe mlango. Akifungiwa, arudi kwetu na karatasi zake mkononi, tukabishe sote.