Kambi ya Kipupwe katika Nyika ya Australia

Mwezi wa Juni uingiapo, mtu wa pwani ya Afrika Mashariki husema kipupwe kimefika, akatafuta shuka ya pili. Miezi hiyo hiyo ya Juni, Julai na Agosti ndiyo majira ya baridi huko Australia, kwani nchi ile yote iko kusini ya ikweta. Ingedhaniwa kuwa watu wa huko hukaa majumbani wakaota moto. Sivyo. Shule zifungwapo kwa likizo ya katikati ya majira hayo, jamaa nyingi hupakia mahema, masufuria na watoto garini, wakaiacha miji ya pwani na kushika njia ya kwenda katikati ya nchi, kwenye nyika na jangwa.

Mgeni aweza kuwaona kama watu waliopungukiwa na busara, lakini wamepiga hesabu barabara. Wakati wa kiangazi, yaani Desemba hadi Februari, joto la huko ndani mara nyingi hupita nyuzi 40 za Sentigredi, na mtu aliyeharibikiwa na gari huwa hatarini kwa muda wa saa chache tu. Mwezi Julai mji wa Alice Springs, ulio katikati ya Australia, hupata nyuzi 20 hivi mchana, mbingu ni nyeupe, na inzi, ambao siku za joto huingia hata puani, huwa wachache. Ni hewa ya kutembea kutwa bila kuchoka. Lakini jua likishazama, jangwa halina kitu cha kushikilia joto. Kabla ya alfajiri baridi hufika nyuzi 4 hivi, na usiku mwingine hushuka chini ya sifuri, hata maji yaliyoachwa nje ya hema yakaganda. Basi safari hii ina maadui wawili, umbali na ubaridi wa usiku, na wote wawili hushindwa nyumbani, kabla gari halijatiwa moto.

Kwanza umbali. Australia ni karibu mara 8 ya Tanzania kwa ukubwa, na watu wake, wapatao milioni 27, wengi mno hukaa karibu na bahari. Barabara kuu ya kati, iitwayo Stuart Highway, hutoka Port Augusta upande wa kusini hadi Darwin upande wa kaskazini, safari ya kilometa zaidi ya 2,700. Magari hupita upande wa kushoto, kama yapitavyo Uganda, Kenya na Tanzania, na lami ilikamilika mwaka 1987; dereva wa kwetu asingepata taabu ya usukani. Taabu ni utupu. Kati ya Port Augusta na mji wa Coober Pedy kipo kipande cha kilometa zaidi ya 250 kisicho na kituo cha petroli. Hupita huko malori yenye kukokota matrela matatu, urefu wake wote ukipita meta 50, na dereva wa gari dogo atakaye kulipita mojawapo lazima aione njia nyeupe mbele yake kwa kitambo kirefu. Jioni na alfajiri kangaruu hutoka vichakani kutafuta majani ya kando ya barabara, nao hurukia taa za gari pasipo kuonya. Kwa sababu hiyo, na kwa kuwa siku za kipupwe ni fupi, msafiri mwangalifu hupiga kambi kabla ya magharibi.

Hiyo ni njia ya lami. Njia za vumbi ni jambo jingine kabisa. Oodnadatta Track, kilometa 620 hivi, hufuata reli ya zamani iliyokwenda Alice Springs. Birdsville Track, yenye kilometa zaidi ya 500, huunganisha vijiji vya Marree na Birdsville kupitia kando ya majangwa ya mchanga. Uso wa njia hizo hujikunja kama bati la nyumba, na dereva hupunguza upepo wa matairi ili gari lisitikisike likafunguka nati. Mvua ikinyesha siku moja tu, vumbi hugeuka utelezi, njia ikafungwa, na mkaidi apitaye hutozwa faini.

Katika Birdsville Track, mwezi Desemba 1963, jamaa ya watu 5, baba, mama na watoto wao watatu, waliishiwa na petroli. Wakaliacha gari, wakaenda zao kwa miguu. Wote 5 walikufa jangwani. Ilikuwa kiangazi, na kiangazi hakisamehi; lakini amri iliyotiwa mkazo baada ya msiba ule hufuatwa hata katika kipupwe, na kila mtoto wa nyika aijua: gari likiharibika, usiliache. Gari lina kivuli, lina maji, na mtu aliye ndani ya ndege huliona upesi kuliko amwonavyo mtu atembeaye peke yake katikati ya vichaka.

Askari polisi watavutiwa kujua kwamba kituo cha Birdsville kwa miaka mingi kilikuwa na askari mmoja tu, naye alilinda eneo linalokaribia Uganda nzima kwa ukubwa. Askari wa namna hiyo hawezi kumtafuta mtu ambaye hakuarifiwa kuwa amepotea. Ndiyo maana jamaa zenye adabu ya safari huacha nyumbani karatasi yenye majina ya mahali watakapolala kila usiku, na siku ambayo wasipopiga simu, ndugu apeleke habari polisi. Simu za mkononi huko ndani hazishiki mahali pengi. Wasafiri huchukua redio ya garini au simu ya setilaiti. Matibabu nayo hutoka angani. Mwaka 1928 kasisi John Flynn alianzisha huko Cloncurry, katika jimbo la Queensland, kazi ya madaktari wa ndege, na hadi leo mgonjwa wa nyikani hufuatwa na ndege.

Mizigo hupangwa kwa utaratibu ambao askari yeyote ataufahamu: kitakachohitajika kwanza hupakiwa mwisho. Magurudumu mawili ya akiba kwa njia ya vumbi, jeki pamoja na kipande cha ubao cha kuiwekea ili isizame mchangani, koleo, kamba ya kuvutia gari, madebe ya petroli au dizeli. Maji hayafanyiwi ubahili: lita 5 hadi 10 kwa kila mtu kwa siku, pamoja na akiba ya siku kadhaa isiyoguswa. Nayo hayatiwi katika chombo kimoja, kwani chombo kimoja kikipasuka yote yamekwisha. Jambo moja huwaudhi wageni: matunda na mboga mbichi haziruhusiwi kuvushwa kuingia jimbo la South Australia, kwa hofu ya nzi waharibuo matunda. Mama aliyejaza kikapu machungwa ataamriwa kuyatupa mpakani. Afadhali watoto wayale njiani.

Adui wa pili, baridi, hutoka chini ya mwili zaidi ya juu yake. Wengi hujirundikia mablanketi matatu juu na kulalia turubai tupu, kisha hushangaa kutetemeka usiku kucha. Ardhi ndiyo inyonyayo joto. Blanketi moja kati ya hayo matatu liwe chini, juu ya godoro jembamba, na mtu aingie kitandani kwa nguo kavu, soksi kavu na kofia ya sufu. Nguo alizoshinda nazo, hata zikionekana safi, zina jasho, na jasho hupoa. Mtoto hupewa chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa taulo. Birika hujazwa jioni, maana bomba la kambi laweza kuganda asubuhi. Na jiko la makaa haliingizwi hemani kamwe, hata likionekana limezimika, wala jiko la gesi halitumiwi kupashia hema joto. Hewa ya sumu itokayo humo haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Hili ni kweli huko Australia kama lilivyo kweli katika chumba chochote kilichofungwa madirisha huku kwetu.

Chakula cha kambi ni chepesi. Wachunga ng'ombe wa zamani waliokaa miezi nyikani walipika mkate uitwao damper, ambao jamaa za leo bado huupenda. Huchanganywa vikombe 3 vya unga wa ngano, vijiko 6 vya chai vya beking pauda, nusu kijiko cha chumvi na siagi kidogo. Hutiwa maji kidogo kidogo, yapata kikombe kimoja na robo, mpaka donge lisishike mikono. Halikandwi sana. Hutiwa katika sufuria nzito ya chuma iliyopakwa mafuta na kunyunyiziwa unga, ikapaliwa makaa juu na chini kama apaliavyo mpishi wa pwani, kwa muda wa nusu saa hivi. Ukigongwa chini ukilia kama ngoma, umeiva. Huliwa moto, kwa asali au jemu, pamoja na chai ya kuchemshiwa katika kopo. Kuni hununuliwa njiani, kwa maana katika hifadhi nyingi za taifa ni marufuku kuokota hata kijiti: ule mti mkavu ulioanguka ndio nyumba ya mijusi na ndege.

Njiani yako ya kutazama. Coober Pedy ni mji wa machimbo ya vito vya opali, vilivyogunduliwa mwaka 1915 na mvulana wa miaka 14. Wakazi wengi wamechimba nyumba zao ndani ya vilima, ambamo joto la kiangazi na baridi ya kipupwe haviingii. Mbele zaidi, kutoka Alice Springs kwenda Darwin, njia ilijengwa kwa haraka ya vita. Ndege za Japani ziliipiga Darwin kwa mabomu tarehe 19 Februari 1942 zikaua watu zaidi ya 230, na misafara ya malori ya jeshi ilipita huko usiku na mchana.

Wengi, hata hivyo, hukata kushoto kabla ya Alice Springs, wakaenda kilometa 245 hivi hadi Uluru, mwamba mwekundu mmoja wenye kimo cha meta 348 juu ya tambarare. Tarehe 26 Oktoba 1985 serikali iliwarudishia ardhi hiyo wenyewe, watu wa kabila la Anangu, nao wakaikodisha kwa hifadhi ya taifa kwa miaka 99. Kwa muda mrefu waliwaomba wageni wasiupande mwamba, kwa sababu njia ile ni takatifu kwao, na kwa sababu kila mgeni aliyefia huko, nao walizidi 35, aliwaachia wao majonzi. Wageni wengi walisoma ombi hilo katika kibao, wakapanda. Tarehe 26 Oktoba 2019, miaka 34 kamili tangu ardhi irudi kwa wenyewe, upandaji ulipigwa marufuku.

Sasa watu huuzunguka kwa miguu, kilometa 10 hivi, nusu siku kwa jamaa yenye watoto. Zipo sehemu zenye vibao vya kukataza picha, na hapo kamera hutiwa mfukoni. Ndani ya hifadhi hairuhusiwi kulala. Jioni jamaa hurudi kijiji cha Yulara, nje ya mpaka, husimika hema, na mmoja wao hupiga simu nyumbani kumwambia ndugu kuwa mahali pa leo pamefutwa katika karatasi.