Mtoto wa Miaka 14 Mwamwachia Nani?

Kuna neno moja tunalolisikia kila mahali hapa Nyangwe: sokoni, kivukoni, hata mlangoni pa kanisa baada ya Misa. Baba akiulizwa habari za mwanawe wa miaka 14 ambaye hakuonekana katika mafundisho ya kipaimara, hujibu: "Huyo amekwisha kuwa mkubwa. Akili anazo. Akipotea, kapotea mwenyewe." Neno hili twalikataa. Si kweli, tena ni neno la mvivu atakaye kuutua mzigo njiani kabla ya kufika.

Tuanze na hiyo akili. Mtoto afikapo miaka 6, ubongo wake umekaribia ukubwa wa ubongo wa mtu mzima, ndiyo sababu watu hudhani kazi imekwisha. Lakini nyumba iliyoezekwa si nyumba iliyokamilika. Huko Marekani wataalamu, mmoja wao Jay Giedd, walipiga picha za ndani ya vichwa vya watoto kwa mashine ya sumaku, wakawarudia tena na tena katika kukua kwao. Mwaka 1999 wakatangaza kwamba ubongo waendelea kujengwa ujana wote. Viungo vya mishipa ya fahamu visivyotumika hupogolewa kama matawi ya mti wa kahawa. Vile vinavyotumika kila siku huimarishwa, habari ikapita upesi. Na sehemu inayochelewa kuliko zote ni ile ya mbele, nyuma ya kipaji cha uso, ambayo kazi yake ni kupima jambo, kungoja na kujizuia. Hiyo haikomai mpaka mtu apite miaka 20. Lakini sehemu za ndani, zile za tamaa, furaha na hofu, zimekwisha kuwaka. Basi mwana wenu ni mtumbwi wenye wapiga kasia hodari, na nahodha wake angali anajifunza. Je, mtumbwi wa namna hiyo mngeuachia maji ya Lualaba?

Sasa, njia zipi zitaimarishwa na zipi zitapogolewa? Hapo ndipo wanapoingia watu anaoishi nao. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg walijaribu watu 306, vijana na watu wazima, kwa mchezo wa kuendesha gari katika kioo. Wenzao walipokaa karibu wakitazama, vijana walijitia hatarini zaidi kuliko walipocheza peke yao. Watu wazima hawakubadilika sana. Mwaka 2011 wataalamu wengine wakaona katika picha kwamba macho ya rafiki huziamsha zile sehemu za furaha katika ubongo wa kijana, lakini kwa mtu mzima sivyo.

Mzee atasema: "Hayo ni ya Marekani." Haya, mzee, nenda Namoya, kule Kabambare, penye mashimo ya dhahabu. Mvulana ambaye nyumbani aliogopa kutoka usiku, huingia katika shimo linaloweza kumfukia, kwa sababu tu wenzake sita wamesimama juu wanacheka. Hakulazimishwa na mtu. Sisi tuliopita seminari ndogo twalijua jambo hili bila mashine: katika umri ule jicho la mwenzako wa bweni lilikuwa na nguvu kuliko hotuba ya mkubwa wa seminari.

"Kama ni hivyo," watasema wengine, "mzazi ana kazi gani tena? Wenzake wamekwisha kumchukua." La, hasha! Mwaka 2015 Eva Telzer na wenzake walirudia mchezo wa gari, lakini safari hii waliomtazama kijana walikuwa akina mama. Mama akiwapo, kijana alichagua njia ya salama mara nyingi zaidi, na ubongo wake ulionyesha kwamba kujizuia kumeanza kuwa na ladha. Ni kweli pia kwamba wataalamu wa Stanford, mwaka 2022, waliona kuwa mtoto mdogo hufurahia sauti ya mama yake kuliko sauti ngeni, lakini tangu miaka 13 hivi sauti ngeni ndizo zinazomvuta zaidi. Mama asikasirike kwa habari hiyo. Mtoto hajamchukia, ubongo wake wamwandaa kutoka nje. Ila mama ajiulize: sauti yangu nyumbani yasema nini? Kama ni "leta maji" na "mjinga wewe" tangu asubuhi hata jioni, sauti ngeni haina kazi kubwa ya kushinda.

Tena, waovu walilijua jambo hili zamani, kabla ya mashine zote. Nyangwe yetu ilikuwa soko la watu. Hapa Livingstone aliona watu wakiuawa kwa bunduki sokoni, tarehe 15 Julai 1871, na wengi wao walikuwa wanawake. Wafanya biashara wale hawakuchukua meno ya tembo tu. Walichukua wavulana, wakawatenga na mama zao, wakawapa wenzi wapya na bunduki, na baada ya miaka michache mvulana aliyetekwa akawa mtekaji. Ngongo Lutete, aliyewatisha watu tangu Lomami, aliingia utumwani angali mtoto. Mwaka 1996 twaliona tena: kadogo, watoto wenye mabuti makubwa kuliko miguu yao, wakatembea mpaka Kinshasa. Baadaye makundi ya Mayi-Mayi yakafanya vile vile katika vijiji vyetu. Kwanza mtoto huondolewa nyumbani, kisha hupewa jina jipya na ndugu wapya. Angalieni basi: adui hutumia nguvu kumtenga mtoto na watu wake, na baba wa Nyangwe amtenga mwenyewe, bure, kwa kusema "amekwisha kuwa mkubwa"!

Ubaya wazidi pale kijana anaporudi kutoka msituni. Twajua nyumba ambamo chakula chake huwekwa nje, na jirani huwaita watoto wao wanapomwona. Wasema wanajilinda. Lakini huko Sierra Leone, tangu mwaka 2002, Theresa Betancourt na wenzake wamewafuata kwa miaka mingi waliokuwa askari wakiwa watoto. Waliopokewa na jamaa na kijiji walipata nafuu moyoni na katika mwenendo; waliosimangwa walizidi kuumia. Kumfungia mlango ni kumwonyesha njia ya kurudi msituni, ambako aliitwa ndugu.

Wengine hawasemi "mkubwa", husema "mchawi". Hapo hatuna maneno mengi. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 yasema mtoto ni kila mtu asiyetimiza miaka 18, na yule amsingiziaye mtoto uchawi yamwadhibu.

Wazee wetu hawakuwa wajinga. Warega wa Pangi walipowapeleka wavulana katika bwali, waliwapeleka pamoja, rika moja, maana walijua kijana hataki kukaa peke yake. Lakini hawakuwaacha bila wazee. Xaveri, chama alichokianzisha Padri Georges Defour mwaka 1952, chafuata njia hiyo hiyo: kikosi cha wenzi, na mkubwa anayewajua kwa majina. Kijana lazima awe na wenzi. Atawapata, mkipenda msipende. Neno ni kama mtu mzima yupo kati yao.

Nasi twauliza tu, maana mara nyingi tumewauliza akina baba majina ya rafiki watatu wa mwana wao, wakaanza kukuna kichwa. Majina ya mbuzi wayajua. Wali umekwisha kuiva, sombe iko mezani, na kijana yuko njiani na watu msiowajua. Mwiteni, na hao watatu waje pamoja naye, wale hapo mbele yenu.