Jasho Lililomo Katika Kochi la Mahogani

Kochi la kale la mahogani, lenye nakshi mgongoni na miguu iliyopindwa ikaishia katika kucha za ndege zilizoshika tufe, ni pambo la heshima katika sebule yo yote. Wenye mali hulishindania mnadani, na husifu ustadi wa maseremala wa Uingereza wa karne ya 18. Sisi hatuna ugomvi na sifa hiyo, maana kazi njema ni kazi njema. Twauliza neno moja tu: mti wenyewe aliuangusha nani?

Mahogani haioti Uingereza. Mwaka 1721 Serikali ya nchi hiyo iliondoa ushuru wa mbao zilizotoka katika makoloni yake ya Amerika, na tangu hapo magogo yakamiminika London, kwanza kutoka Jamaika, na baadaye kutoka Ghuba ya Honduras, katika nchi iitwayo leo Belize. Thomas Chippendale alipotoa kitabu chake cha mifano ya samani mwaka 1754, mbao hizo zilikuwa zimekwisha kuwa fahari ya mabwana.

Waliokata miti hiyo ni Waafrika waliotiwa utumwani. Mmoja wao, mjuzi wa msitu, alipanda juu ya mti mrefu akaitafuta mahogani kwa macho, akiitambua kwa rangi ya majani yake. Wenzake walijenga ulingo kulizunguka shina, wakalikata juu ya mizizi yake minene. Magogo yalikokotwa na ng'ombe usiku kwa mwanga wa mienge, ili kuepuka joto la mchana, kisha yakangoja mvua ijaze mito yapate kuelea hadi pwani. Huo nao ulikuwa ufundi, lakini fundi wake hakusifiwa na mtu. Wala hakuridhika na hali hiyo: mwaka 1773, na tena mwaka 1820, watumwa wa huko waliasi.

Utumwa ulikoma mwaka 1838, lakini mnyororo ukageuzwa deni. Mkata miti alipewa ujira kabla ya kazi, na sehemu yake ilikuwa bidhaa za tajiri; hivyo aliingia msituni akiwa mdaiwa. Aliyevunja mkataba wa kazi alihesabiwa mhalifu, na sheria hiyo haikuondolewa ila mwaka 1943, baada ya wafanyakazi kudai haki zao.

Belize ilipopata uhuru mwaka 1981, iliweka katika bendera yake mti wa mahogani na wafanyakazi wawili, mmoja ameshika shoka na mwingine kasia. Twaona huo ni uamuzi wa haki. Basi wauzaji na majumba ya makumbusho, waandikapo jina la seremala juu ya kochi, na waandike pia kwamba mti wake ulikatwa na watumwa. Nasi, ndugu wafanyakazi, tununuapo kiti cha mkangazi, ulio jamaa ya mahogani, tumwulize muuzaji: aliyepasua mbao hizi amelipwa nini?