Mtoto Huipata Lugha kwa Mazungumzo, si kwa Katuni

Imeenea siku hizi, katika nyumba za watu wenye mishahara mjini Mbeya na mjini Iringa, ada ambayo wazee wetu wangeistaajabia: mama na baba waliolelewa kwa Kinyakyusa, Kisafwa au Kihehe, na ambao Kiswahili chao hakina kasoro, humwambia mtoto wao wa miaka miwili amri tatu nne za Kiingereza walizobaki nazo tangu shuleni, kisha msamiati ukiwaishia humpa simu yenye katuni ili imalizie kazi waliyoianza. Nia yao ni njema, wala si haki kuwacheka. Lakini naona kwamba kwa kufanya hivyo humnyima mtoto kitu ambacho wanazuoni waliochunguza jinsi mtoto anavyoipata lugha, pamoja na ugomvi wao wote, hawakutofautiana juu yake, nacho ni kuishi ndani ya lugha hai, ikisemwa kwa wingi na watu wanaoimudu.

Ugomvi wenyewe ni wa kale. Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, katika kitabu chake Mukadima, alichokimaliza mwaka 1377, alishika kwamba lugha ni malaka, yaani ustadi unaokita nafsini kwa kukaririwa kama ustadi wa fundi katika kazi yake, na kwamba mtoto huupata kwa kuwasikia watu wake wakisema kila siku, kwanza neno mojamoja, halafu maneno yaliyoungana. Mwaka 1957 Mmarekani B. F. Skinner alitoa kitabu kizima kudai kwamba usemi ni mazoea tu, yanayojengwa na thawabu: mtoto atamkaye vema hupata alitakalo, kwa hiyo hutamka hivyo tena. Miaka miwili haikupita ila Noam Chomsky alimrudi kwa ukali, akihoji kwamba watoto husema sentensi ambazo hawajapata kuzisikia kwa mtu yeyote, na kwa kuwa hakuna awezaye kuiga asichokisikia, basi hapana budi mwanadamu azaliwe na kipawa makhsusi cha sarufi, kinachongoja tu kuamshwa.

Mwenye shaka na ajaribu nyumbani kwake. Mchoree mtoto wa miaka minne chombo kisichokuwako duniani, umwambie kwamba hiki ni kidapu, halafu mchoree cha pili kando ya kile, usimtajie umbo la wingi, umuulize tu, "Sasa hapa pana nini?" Aghalabu atakujibu kwamba pana vidapu, na ukimwachia aendelee atakueleza kuwa vidapu vyake viwili vimevunjika, akipatanisha kila neno na ngeli yake kwa usahihi, hali neno lenyewe hakulisikia kabla ya dakika ile. Jaribio la namna hii lilifanywa na Jean Berko huko Marekani mwaka 1958, kwa majina ya kubuni ya Kiingereza, na watoto wengi wakayatia katika wingi. Hata makosa ya watoto ni ushahidi: asemaye "majicho" badala ya "macho" bila kukusudia kumkejeli mtu, hakufundishwa na mzazi wake, bali amefuata kanuni aliyoizua mwenyewe, akaipeleka mbele kuliko lugha inavyoruhusu.

Katika Nyanda za Juu Kusini kipawa hiki huonekana kwa adhama zaidi, maana watoto wengi hubeba zaidi ya lugha moja. Mtoto wa Tukuyu husema watu akiwa mtaani na abandu akiwa mekoni kwa bibi yake. Mwenzake wa Kilolo husema avanu. Kinyakyusa kina irabu saba ambapo Kiswahili kina tano, na Kihehe hutofautisha maneno kwa toni, jambo ambalo Kiswahili hakilijui. Watoto hao wawili huziweka hesabu hizo mbali mbali kabla hawajashika kalamu, na pale wanapochanganya, huchanganya kama wachanganyavyo wakubwa wao, kwa sababu wanajua nani anaelewa nini. Basi ile hofu kwamba lugha mbili zitamvuruga mtoto haina msingi katika yale tunayoyaona kwa macho yetu.

Lakini kipawa, hata kiwe kikubwa namna gani, hakijiamshi. Hapa ndipo liliposimama kundi la tatu la wanazuoni, wakiwamo Mrusi Lev Vygotsky na Mmarekani Jerome Bruner, lisemalo kwamba lugha huzaliwa baina ya watu kabla ya kukaa ndani ya mtu. Na mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake, katika mji wa Seattle, waliwachukua watoto wachanga wa miezi tisa ambao nyumbani husikia Kiingereza peke yake: wengine wakachezewa na kusomewa na Wachina waliokaa nao chini, wengine wakaonyeshwa Wachina wale wale katika televisheni. Wale wa kwanza wakapata kuzitofautisha sauti za Kichina. Wale wa televisheni hawakupata kitu. Mzazi anayetegemea katuni na aipime hoja hiyo.

Sisemi kwamba ni lazima mama amsemeshe mtoto mchana kutwa. Elinor Ochs na Bambi Schieffelin, waliokaa Samoa na Papua New Guinea, wamethibitisha kwamba ziko jamii ambazo wakubwa hawana desturi ya kuongea na vitoto vichanga kama watu wa kujibizana nao, na watoto hao huinukia kuwa wasemaji kamili, kwa kuwa wamezungukwa na maneno asubuhi hadi usiku. Hata Wanyakyusa wa zamani, kama alivyowaeleza Monica Wilson katika kitabu chake cha mwaka 1951, waliyaona mazungumzo ya marika, wanayoyaita ukwangala, kuwa ndiyo shule ya hekima, na vijana wa kiume waliotoka katika kuchunga ng'ombe walikwenda kujenga kijiji chao wenyewe wakae pamoja. Mtoto wa kijijini, basi, hata mama yake akiwa shambani, ana kundi la wenziwe. Mtoto wa nyumba yenye ukuta na geti hana kundi hilo. Amebaki na wakubwa wawili watatu, na wakubwa hao wakinyamaza, hana pengine pa kwenda.

Katika hao wakubwa wamo wasichana wa kazi. Inajulikana kwamba wengi wanaolea watoto wa Dar es Salaam hutoka Iringa na Njombe, na ndio wanaokaa na mtoto saa nyingi kuliko aliyemzaa. Alhasili ndio walimu wake wa lugha, wapende wenye nyumba au wasipende. Kumwamuru dada huyo aseme Kiingereza asichokijua, au anyamaze asije akamwambukiza mtoto lafudhi ya Kihehe, ni kumfunga mdomo mwalimu pekee aliyepo. Afadhali aimbe, asimulie, agombeze na abembeleze kwa lugha yake.

Najua jibu nitakalopewa: kwamba masomo ya sekondari ni kwa Kiingereza, na kwamba aliyefika Kidato cha Kwanza bila Kiingereza huhangaika. Ni kweli, na mateso hayo si madogo. Lakini Kiingereza chenye amri tatu hakimpi mtoto namna ya kuuliza kwa nini, kusimulia kilichotukia jana, wala kubisha kwa hoja, na hayo ndiyo mwalimu atakayoyahitaji siku ya kumfundisha lugha yoyote nyingine. Tangu mwaka 1953 UNESCO ilishauri kwamba mtoto aanze kufundishwa kwa lugha aliyokuja nayo. Na kama baba ni Msafwa na mama ni Mhehe, wakakutana katika Kiswahili, basi Kiswahili ndicho cha nyumba hiyo, wala hapana la kuonea haya.

Kwa hiyo nasihi yangu kwa wazazi ni kwamba waseme na watoto wao lugha wanayoota nayo ndoto, wawaachie walimu wa Kiingereza Kiingereza chao. Kwa wenye shule ni kwamba waache kumvika kibao shingoni mtoto aliyeteleza akasema lugha ya bibi yake. Na kwa wizara yenye dhamana ya elimu ni kwamba mwalimu wa darasa la awali, katika vijiji vya Rungwe, Mufindi na Kilolo ambako watoto huingia wakijua Kiswahili kidogo, apewe ruhusa iliyo wazi, kwa maandishi, ya kuwaeleza jambo kwa lugha yao kabla ya kulirudia kwa Kiswahili. Wako walimu wanaofanya hivyo sasa kwa busara zao, wakihofia mkaguzi. Haifai mtu ahofie kukaguliwa kwa kufundisha vema.