TV Isikae Wi-Fi Moja na Simu ya Pesa

Tumeshaambiwa mara nyingi tusifungue app ya pesa kwenye Wi-Fi ya mkahawa. Ushauri poa. Lakini kwa maoni yangu, hatari tunayoisahau iko sebuleni: kile kidude cha Android ulichonunua kwa bei rahisi ili TV ya zamani icheze YouTube.

Si maneno ya kutishana. Juni 2025, FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vya nyumbani vilivyotekwa, vikiwemo vidude vya TV. Vingine vilikuwa na programu hasidi hata kabla mteja hajafungua katoni. Wahalifu hupitisha shughuli zao kwenye intaneti ya nyumba yako, na anayeonekana ni wewe.

Je, kinaweza kusoma PIN yako? Tuseme ukweli, si rahisi hivyo. App ya pesa hufunga mawasiliano yake kwa msimbo, na ukibonyeza zile namba za nyota na reli, hizo hata hazipiti kwa Wi-Fi. Shida ni ruta. Kifaa kibovu kikiwa ndani kinaweza kuijaribu, na ruta ikitekwa, unaweza kutafuta tovuti ya benki ukaletewa ukurasa feki unaokuomba PIN. Hapo ndipo pesa huenda.

Kwa hivyo fundi wa Wi-Fi asiondoke kabla hamjabadilisha nywila mbili: ya Wi-Fi, na ya kuingia kwenye ruta yenyewe. Wengi hubadilisha ya kwanza tu. Mimi naiogopa zaidi ya pili, maana mara nyingi ni “admin” tu. Kwa usalama chagua WPA2 au WPA3. WEP ilivunjwa tangu 2001, achana nayo.

Kisha washa mtandao wa wageni, kwenye menyu ya ruta umeandikwa Guest, uupe nywila yake, na TV ikae huko peke yake. Simu ibaki kwenye ule mkuu. Kuandika nywila ndefu kwa rimoti kunachosha, najua, ndiyo maana watu huweka 12345678. Vumilia, ni mara moja tu.

Kama unatumia Wi-Fi ya ploti nzima na ruta si yako, lipa kwa bando. Na kidude kikikutaka uzime Google Play Protect ndipo uweke app ya mechi za bure, kirudishe dukani.