Farasi Ana Kaburi, Mtu wa Kusini Hana Jina

Wako wazee miongoni mwetu ambao wakimwona mtoto amekaa kitako na kitabu kinene cha Kizungu hufurahi, wakamshukuru Mwenyezi Mungu, wakasema: almuradi hayuko mitaani. Na wako wengine ambao wakisikia tu kwamba ndani ya kitabu hicho mna pete ya uchawi na mazimwi, mara hupiga ukelele wa haramu kabla hawajafungua hata ukurasa mmoja. Makundi haya mawili yana jambo moja linalowakutanisha, nalo ni kuwa hakuna katika wao aliyekisoma.

Kitabu tunachokikusudia ni The Return of the King, juzuu ya tatu na ya mwisho ya kisa kirefu cha vita alichokitunga Mwingereza J. R. R. Tolkien, mwalimu wa lugha za kale katika Chuo Kikuu cha Oxford. Juzuu mbili za kwanza zilitoka mwaka 1954, na hii ya mwisho ikatoka London mwezi wa Oktoba 1955. Tangu hapo, wengi walioandika kwa Kiingereza visa vya majeshi na falme za kubuni wamepita katika njia aliyoifyeka yeye. Na filamu ya juzuu hii, iliyotoka Disemba 2003, ilitunukiwa zawadi 11 za Oscar kule Marekani. Basi si kitabu cha pembeni. Kimo majumbani, kimo maktabani, na sinema yake imo ndani ya simu za vijana wetu.

Ama habari ya pete na mazimwi, hiyo natuipite upesi. Watu waliolelewa kwa Alfu Lela u Lela, na majini waliotiwa chupani, na pete ya Nabii Suleiman, hawana haki leo kujifanya wameshtushwa na hekaya. Mtoto wa miaka kumi na miwili ajua kuwa zimwi si kweli. Linalotutia khofu si lile ambalo mtoto analijua kuwa ni uwongo, ni lile linalopita chini yake kimya kimya, naye asione kuwa limepita.

Hebu natutazame ramani. Katika dunia aliyoibuni Tolkien, watu wema wako Magharibi na Kaskazini. Adui mkuu, aitwaye Sauron, yuko Mashariki. Wanaokuja kumsaidia ni watu wa Mashariki, na watu wa Kusini kutoka nchi iitwayo Harad: nchi ya jua kali, nchi ya ndovu, watu wake ni wa rangi ya maji ya kunde na weusi, na huko pwani iko bandari ya Umbar ambayo mabaharia wake ni maharamia wanaowafunga watumwa makasiani. Msomaji wa Lamu, Mombasa, Tanga au Unguja hahitaji kuambiwa huo ni upande gani. Na wanapotajwa wale weusi wa kusini ya mbali kabisa, mfano aliouchagua mtungaji wa kuwafananisha nao si wa wanaadamu, bali ni wa majitu.

Sasa tufike kwenye vita vyenyewe, mbele ya mji wa Minas Tirith. Mfalme Théoden aja na wapanda farasi wake kutoka kaskazini, nao waua huku wakiimba kwa furaha ya vita. Mbele yake asimama mkubwa wa watu wa Kusini, na bendera nyekundu yenye nyoka mweusi. Théoden amwangusha kwa mkuki, kisha aikata kwa upanga ile bendera pamoja na aliyeishika. Basi. Mkubwa huyo ametoka mji gani? Babake nani? Alikuja kwa kupenda au kwa kulazimishwa? Hapana neno. Punde Théoden naye auawa, kwa kuangukiwa na farasi wake mwenyewe. Farasi huyo jina lake ni Snowmane. Twatajiwa na jina la farasi aliyemzaa. Twaambiwa kuwa alizikwa pale pale uwanjani, kaburi lake likaota majani mabichi marefu, na juu yake likawekwa jiwe lililoandikwa maneno ya kumkumbuka.

Farasi ana jina, ana nasaba, ana kaburi, ana jiwe la kaburi. Mtu aliyeongoza jeshi zima kutoka kusini hana hata kimoja katika vinne hivyo.

Wala msidhani kwamba amenyimwa kwa sababu ni adui. Mazimwi nayo ni maadui, na majina yanayo: Shagrat, Gorbag. Yazungumza, yagombania nguo ya thamani ya mateka, yawalalamikia wakubwa wao kama walalamikavyo askari wa jeshi lolote. Zimwi lina ulimi, mtu wa Harad hana. Katika juzuu nzima hakuna mtu wa Kusini hata mmoja aliyepewa jina, wala aliyepewa sentensi moja ya kusema. Wako pia watu wa msituni, ambao wale wale wapanda farasi walizoea kuwawinda kama wanyama. Mkubwa wa hawa anaitwa Ghân-buri-Ghân, na maneno anayo. Amestahili nini? Aliwaonyesha wapanda farasi njia ya siri ya kupitishia jeshi lao. Na ujira aliouomba ni kwamba watu wake wasiwindwe tena. Kwa hiyo mtu wa rangi nyingine huweza kupewa jina katika kisa hiki, ila kwanza awe amewatumikia wenyewe.

Insafu yatutaka tuseme na la upande wa pili, kwani tumekatazwa na Mola wetu kuacha uadilifu kwa ajili ya kuwachukia watu. Tolkien alizaliwa mwaka 1892 katika mji wa Bloemfontein, uliomo leo katika Afrika Kusini, akaondoka angali mtoto mdogo. Na alipostaafu Oxford mwaka 1959 alisema hadharani kuwa anauchukia ubaguzi wa rangi wa huko. Mwaka 1938, wachapishaji wa Ujerumani ya Hitler walipotaka kujua kama yeye ni wa damu yao safi, aliandika majibu ya kuwadharau. Katika juzuu ya pili, kijana Sam amwona askari wa Kusini akianguka na kufa mbele yake, na moyoni ajiuliza huyu alikuwa nani, na kama kweli alikuwa mtu mbaya au alidanganywa tu. Katika juzuu ya mwisho, Mfalme Aragorn afanya suluhu na watu wa Harad na awaacha huru mateka wa Mashariki. Frodo naye, arudipo kwao, akataza watu wasiuane. Haya yote ni kweli, na mwenye kuyaficha ni khaini.

Lakini litazameni tena lile swali la Sam. Ni swali zuri, na mtungaji ashukuriwe kwa kuliuliza. Laulizwa juu ya maiti, na halijibiwi. Halafu juzuu ya mwisho yaja, watu wa Kusini waja kwa maelfu, na hakuna tena anayeuliza. Mauaji yao yamechukua kurasa na kurasa, suluhu yao imechukua maneno machache. Twaambiwa kwamba hawakurudi kwao ila wachache mno, na kilichofika Harad ni uvumi wa ghadhabu ya washindi. Hatuonyeshwi nyumba hata moja ya Harad ikipokea tanzia. Hilo ndilo la kututia wasiwasi: kwamba mtu mwenye moyo kama wa Tolkien, mwenye kuuchukia ubaguzi, aliposhika kalamu kutunga kisa kikubwa, kalamu ilimpeleka huku.

Mtasema, hadithi tu hii. Haya, njooni kwenye filamu. Picha zake nyingi zilipigwa mwaka 1999 na 2000, kwa hiyo si kweli kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya vita vya Iraq, na anayesema hivyo asisikilizwe. Lakini ilionyeshwa mwaka ule ule wa 2003 ambao Iraq ilivamiwa, na mwaka mmoja tu nyuma, jemadari wa Marekani Tommy Franks alikuwa amewaambia waandishi wa habari kule Afghanistan kwamba wao hawana kazi ya kuhesabu maiti. Ndani ya filamu, watu wa Harad wamejifunga vitambaa nyuso zao, wako juu ya ndovu. Legolas ampanda ndovu mmoja, awaua waliokuwa mgongoni, kisha amwua na ndovu mwenyewe. Mwenzake Gimli, ambaye hushindana naye kwa idadi ya waliouawa, amfanyia mzaha kuwa yote hiyo ni hesabu ya mmoja tu. Sinema nzima hucheka. Na vijana wetu hucheka pamoja nao. Wale watu wa mgongoni, wenye vitambaa vyao, hawakuingia hata katika hesabu ya mzaha!

Na sisi je, hatuna visa vya vita vyenye chumvi? Tunavyo. Chuo cha Herekali, alichokitunga Mwengo wa Athumani huko Pate mwaka 1728, kimejaa mapigano ambayo mwanachuoni wa tarehe hatayakubali, na Warumi humo wauawa pasi na idadi. Lakini Herekali ana jina na ana kiti chake cha enzi, Mtume (S.A.W.) ampelekea barua, amwita katika dini, naye ajibu kwa ulimi wake. Vita vyaja baada ya maneno. Hata katika habari za jeshi la Abraha lililokuja kuivunja Al-Kaaba, wapokezi wa sira wametuhifadhia jina la yule ndovu: Mahmud, aliyepiga magoti akakataa kwenda.

Lawama basi si ya Tolkien peke yake, kwani yeye aliwaandikia watu wake. Ni yetu sisi tuliomwachia yeye kazi ya kuwasimulia watoto wetu mambo ya vita. Kitabu kisichomwe wala kisifichwe. Baba au mama akae na mwanawe usiku mmoja, amwambie: nitafutie humu jina la yule mkubwa mwenye bendera ya nyoka. Mtoto atafunua kurasa mpaka achoke. Kisha asimuliwe habari ya Wahshi.

Wahshi alikuwa mtumwa wa Kihabeshi, stadi wa kutupa mkuki. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, bwana wake Jubair bin Mut'im alimwahidi uhuru iwapo atamwua Sayyidna Hamza (R.A.), aliyekuwa amemwua ami yake Jubair huko Badr. Akamvizia, akamwua. Baada ya Makka kufunguliwa alikimbilia Taif, kisha akamwendea Mtume (S.A.W.) akasilimu, naye akapokewa; ila Mtume alimwomba asimwonyeshe uso wake, kwani Hamza alikuwa ami yake na jeraha lilikuwa lingalipo. Katika vita vya Yamama alimchoma Musailima mwongo kwa mkuki ule ule. Akaishi uzeeni katika mji wa Homs, nchi ya Shamu. Na Imamu Bukhari amepokea kwamba watu wawili wapitao njia walimwendea huko, wakamtaka awaeleze jinsi Hamza alivyouawa. Akawaeleza mwenyewe, tangu ahadi ya uhuru mpaka mkuki. Na kwa ulimi wake yeye, yule aliyekuwa upande wa adui, ndiko habari hiyo ilikotufikia.